Mapambo ya Idi Yamo Masandukuni Mwetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, majuma machache yaliyopita, alilalamikia bei ya mapambo ya sikukuu, akasema kwamba mzazi mwenye watoto wanne hawezi tena kuwavika nguo mpya za Idi na papo hapo akanunua vitu vya kutundika nyumbani, na kwamba kwa hali ilivyo bora mapambo yaachwe kabisa. Malalamiko yake ni ya haki, lakini uamuzi wake umenihuzunisha. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimezaliwa na kulelewa katika mtaa wa Langoni hapa Lamu, na kwa miaka kadhaa sasa nyumba yangu hupambwa kila Idi, na tena katika Mfungo Sita wakati wa Maulidi, kwa leso zilizochakaa, fulana zilizotoboka na soksi zilizobaki mojamoja. Sinunui kitu ila kamba, na hakuna mahali panaposhonwa. Ningependa kueleza kazi hiyo inavyofanywa, hatua kwa hatua, ili msomaji huyo na wengine wenye mzigo kama wake waijaribu kabla ya kuwanyima watoto furaha ya kuiona nyumba imebadilika.

Nasisitiza kwamba hakuna kushona, na nina sababu zangu. Kila aliyeishi katika miji yetu ya pwani anajua hali ya mafundi cherehani likishaingia kumi la mwisho la Ramadhani. Kanzu za watoto na magauni ya wasichana yamerundikana hadi mlangoni, fundi analala saa mbili kwa usiku, na wengine wamekwisha kutangaza kwamba hawapokei tena kitambaa cha mtu. Hakuna fundi atakayeacha kanzu ya mteja wake akae kukunja pindo za vibendera vyako. Nyumbani nako, wajuzi wa sindano ni mama na nyanya, na saa hizo wao wako jikoni wakishughulikia futari. Wengi wao, kama mimi, hawaoni tena tundu la sindano kwa mwanga wa taa. Wanaobaki na nafasi ni watoto, ambao shule na madarasa yao yamefungwa au yanakaribia kufungwa, na sindano si kitu cha kumwachia mtoto wa miaka sita. Ukiiondoa sindano, kazi inakuwa ya nyumba nzima. Nimewaona wavulana ambao wangekataa katakata kushika uzi, kwa kudai kwamba ushonaji ni kazi ya dada zao, wakikaa barazani na kufunga mafundo kwa kasi ambayo wasichana hawakuifikia, kwa sababu mafundo wanayajua tangu utotoni kutoka kwa baba zao wenye mashua na nyavu.

Kuna sababu nyingine, na hii inaniuma zaidi. Mwaka mmoja nilinunua dukani shada refu la plastiki inayong'aa, la rangi ya dhahabu, nikalitundika kutoka dirishani kwangu hadi dirisha la jirani ng'ambo ya kichochoro. Idi ya mwaka ule iliangukia katika msimu wa kusi, na usiku wa Idi mosi upepo ukalikata. Asubuhi, maji yalipokupwa, mjukuu wangu alikuta vipande vyake vimenasa katika kamba za mashua zilizofungwa pwani na vingine vimezama topeni. Tuliokota tulivyoweza, na vilivyobaki vikaenda na maji. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 nchi yetu imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na sote tumeona tofauti iliyopatikana, lakini sheria ile ilihusu mifuko, wala haikuyagusa mashada ya sikukuu. Na mji huu ndio uliojenga jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Unguja mwaka 2019, ubavuni limevikwa ndara za rangi zote zilizokusanywa fukweni. Mafundi wetu wa vyombo walitumia ustadi wao wote kuonyesha kwamba taka hizo zina mwisho mwingine usiokuwa tumbo la kasa. Siwezi kuishi katika mji uleule na kutundika juu ya vichwa vya wajukuu wangu kitu ambacho nina hakika kitaishia baharini.

Sasa nieleze kazi yenyewe, na nitaanza na leso kwa sababu ndiyo iliyo nyingi katika nyumba zetu na ndiyo inayotoa pambo zuri kuliko yote. Leso ya pamba hupasuka kwa mstari ulionyooka kuliko hata mkasi unavyoweza kukata, kwa kuwa nyuzi zake zimepita wima na mlalo, na mpasuko hufuata uzi mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukatwe kwanza upindo ulioshonwa katika zile pande mbili fupi, kisha ukingo ulio wazi ukatwe kwa mkasi kidogo tu, urefu wa ukucha, kila baada ya sentimita tano, na hapo mkasi uwekwe kando. Watu wawili washike kila mmoja upande wake wa ule mkato na kuvuta kwa pamoja, na leso itafunguka hadi mwisho wa urefu wake. Sauti yake huwafurahisha watoto mno, lakini ni vyema wafanye kazi hiyo uani au barazani, si ndani, maana vumbi la nyuzi si dogo. Leso moja, yenye urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa mita moja na ushei, hutoa vipande virefu vipatavyo ishirini. Kila kimoja kikikatwa vipande sita, utapata vitambaa mia moja na ishirini vya urefu wa shibiri moja na zaidi kidogo, na hivyo vinatosha kujaza kamba ya mita mbili na nusu hadi tatu pasipo kuonekana uwazi.

Kuvifunga kambani ni rahisi. Kitambaa hukunjwa katikati ili kifanye kitanzi, kitanzi hupitishwa nyuma ya kamba, kisha ncha mbili huingizwa ndani ya kitanzi na kuvutwa mpaka zikaze. Fundo hilo halifunguki kwa upepo, na likihitajika kufunguliwa halimsumbui mtu. Kamba iwe ya makumbi au ya katani, na ikiwa hakuna, basi utepe uliopasuliwa kutoka katika leso hiyohiyo na kusokotwa utafaa. Vitambaa vikisukumwa kwa karibu, pambo linakuwa nene kama manyoya ya ndege. Vikiachiwa nafasi linakuwa jepesi na huchezacheza kwa upepo mdogo. Mimi napendelea lililo nene mlangoni na lililo jepesi juu ya kichochoro. Kingo zilizopasuliwa huachia nyuzi, na watu wengine huziona kuwa kasoro, lakini ukizivuta nyuzi tatu au nne za pembeni, kila kitambaa kinapata matamvua yake, kama yale tunayoyaona kwenye kikoi.

Tahadhari moja ni kwamba leso nyingi za siku hizi zimechanganywa na nyuzi za viwandani, na hizo hazipasuki vizuri, zinanyong'onyea na kuvutika. Ili kuzitambua, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti, mbali na watoto. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalopeperuka, na uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Leso ya namna hii ya pili isitupwe, inaweza kukatwa kwa mkasi ikawa vibendera vya pembe tatu, lakini isitundikwe karibu na taa ya moto.

Vibendera hivyo vya pembe tatu ndivyo tulivyovizoea tangu zamani, vya karatasi, na njia ya kuvigandisha ni ileile ya uji wa unga wa ngano ambao kila mtoto wa pwani aliyewahi kutengeneza tiara anaujua. Upana wa pembe tatu hukunjwa juu ya kamba kwa kiasi cha vidole viwili, hupakwa uji huo, hubanwa kwa vibanio vya nguo na kuachwa ukauke kwa usiku mmoja. Kitambaa kikipenda kujikunja, kitiwe kanji kabla ya kukatwa, kisha kipigwe pasi, nacho kitasimama kama kofia iliyotoka kwa fundi.

Katika leso kuna jambo linalohitaji adabu. Kama msomaji anavyojua, leso ina pindo la pembeni, mji ulio katikati na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na jina ndiyo sauti yake. Kabla ya kupasua chochote, jina lisomwe. Leso iliyoandikwa jina la Mwenyezi Mungu au la Mtume, au dua yoyote, isipasuliwe wala isitundikwe mahali patakapoguswa na vumbi la njiani, ihifadhiwe. Kwa leso nyingine, mimi hulikata jina lote kwa mkasi pamoja na kisanduku chake, nikaliweka kando kabla ya kuupasua mji. Majina hayo nimeyakusanya kwa miaka, na kila Idi huyatundika moja baada ya jingine kutoka dakani, penye baraza ya mlangoni, hadi ndani, hivi kwamba mgeni anayeingia hupokewa na maneno kabla hajafika kwa mwenyewe. Bila shaka kuna majina yaliyotungwa kwa ajili ya ugomvi wa majirani na wake wenza, na hayo hayana nafasi siku ambayo watu wanaombana radhi. Nayatenga yale ya shukrani, ya kumkaribisha mgeni na ya kuwaombea wazazi, na watoto wangu wameyasoma kwa sauti tangu walipoanza kujifunza herufi. Nimefundisha kusoma kwa miaka mingi darasani, na sijapata ubao mzuri kuliko ule.

Zipo pia leso ambazo mkono hauwezi kuzipasua. Mama yangu alipofariki, nguo zake tulizitoa sadaka kama inavyotakiwa, nikabaki na leso moja nyekundu na nyeusi ambayo alinipa mwenyewe akiwa hai, imekwisha kufifia na ina tundu la makaa upande mmoja. Kwa miaka miwili ilikaa sandukuni. Mwaka wa tatu nikaitoa nikajifunza kuifanya pambo pasipo kuikata: unaitandaza sakafuni, unazikutanisha pande zake mbili ndefu, kisha unaikunja marinda ya upana wa vidole vitatu, mbele na nyuma, kama upepeo, tangu mwanzo wa urefu wake hadi mwisho, kisha unakishika kifungu chote katikati na kukifunga kwa utepe kwa nguvu, na pande zote mbili unazifungua hadi zikutane na kufanya duara. Pale zinapokutana unatia pini mbili kwa nyuma. Ua hilo ni kubwa kama sinia, marinda yake yanapokea mwanga na kivuli, na tundu la makaa limefichika ndani ya mkunjo. Nimelitundika ukutani juu ya mahali alipozoea kukaa. Sikukuu ikiisha, pini zinatolewa, leso inakunjwa kama ilivyokuwa na kurudi sandukuni, haikupoteza uzi hata mmoja. Ninamwomba kila msomaji mwenye leso ya namna hiyo, inayokaa gizani kwa sababu ni ya thamani mno kuvaliwa na ni kuukuu mno kutolewa, aitoe walau siku mbili kwa mwaka.

Fulana ni kazi nyepesi zaidi na ndiyo ninayowapa watoto wadogo. Kitambaa chake kimefumwa kwa vitanzi, hakikusukwa kama leso, na kwa hiyo kikikatwa hakiachii nyuzi. Fulana hukatwa chini ya kwapa kwa mstari mmoja, na kile kiwiliwili kilichobaki, ambacho ni kama mfuko usio na kitako, hukatwa pete za upana wa vidole viwili. Kila pete ikivutwa kwa mikono miwili inajikunja yenyewe na kuwa kamba laini ya mviringo. Pete hizo huunganishwa pasipo fundo: pete ya pili inapitishwa ndani ya ya kwanza, kisha inapitishwa ndani yake yenyewe na kuvutwa, na ya tatu vivyo hivyo, mpaka mnyororo unafika urefu wa ukumbi. Shingo ya soksi hukatwa pete kwa namna hiyohiyo na hutoa mnyororo mwembamba unaofaa kuzungushiwa zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na fremu za picha. Fulana nyeupe zilizoingia madoa ya jasho naziloweka katika maji yaliyochemshwa kwa bizari ya manjano, zikatoka za rangi ya jua. Rangi hiyo hufifia ikianikwa sana, lakini kwa siku za Idi inatosha.

Kuhusu soksi, nina deni kwa mwalimu mwenzangu Mkristo, mwenyeji wa bara, ambaye tulifundisha pamoja na ambaye kila Krismasi hutengeneza kijitu cha theluji kama wanavyofanya katika nchi za baridi. Soksi nyeupe hukatwa juu ya kisigino. Ncha ya shingo yake hufungwa na kugeuzwa ndani, ule mfuko unaopatikana hujazwa mchele na kufungwa juu, kisha hufungwa tena kwa mpira karibu na juu ili kipatikane kichwa na kiwiliwili. Kile kipande cha vidole kilichokatwa huvishwa kichwani kuwa kofia. Hakuna uzi wala sindano. Nilipendezwa sana na ufundi huo, ila mambo mawili yalinizuia kuufuata ulivyo: nyumba nyingi za Kiislamu hazipendi sanamu ya mtu, na mkono wangu hauwezi kukijaza kitu cha kuchezea kwa mchele wakati kuna jirani anayeuhitaji kwa futari yake. Nikabadilisha. Soksi nyekundu au ya zambarau naijaza sufi, ileile tunayojazia mito, au vitambaa vilivyobaki vya leso, nikaifunga shingo, na ile sehemu iliyobaki juu ya fundo nikaikata mikato mitano au sita ili ifunguke. Kinachotokea ni komamanga lenye taji lake. Makomamanga saba ya namna hiyo, yaliyoning'inizwa kwa kamba za urefu tofauti kutoka kwenye boriti, yamepamba ukumbi wangu kwa Idi tatu mfululizo, na mwalimu mwenzangu amekwisha kuyachukua kwa Krismasi yake. Anayetaka yawe mazito ili yasipeperushwe, atie ndani kokoto chache zilizooshwa. Mchanga wa vilima vya Shela uachwe ulipo, kwani vilima vile ndivyo vinavyotutunzia maji tunayokunywa mjini.

Kutundika kuna sheria zake katika mji kama huu. Lamu iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na hata kabla ya hapo wazee wetu hawakuwa wakipigilia misumari ovyo katika kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, kwa sababu plasta ikishapasuka hunyonya chumvi na kubomoka kidogo kidogo. Kamba ifungwe kwenye boriti, kwenye nondo za dirisha au kwenye vigingi vilivyokuwapo. Katika vichochoro iwekwe juu kuliko kichwa cha mtu aliyepanda punda, tena kuliko mzigo wa mtu anayebeba kichwani, maana punda akikuta kitambaa usoni mwake ama atakitafuna ama atashtuka. Na upepo ukumbukwe. Kwa kuwa miezi yetu inafuata mwandamo, Idi hurudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na kwa hiyo pambo lililotulia vizuri katika kaskazi litakutana siku moja na kusi. Vitambaa vilivyopasuliwa huruhusu upepo upite katikati yao, na ndiyo maana kamba zangu zimevumilia pale shada la plastiki liliposhindwa. Walio na mapaa ya makuti wasitundike chochote karibu na taa ya mafuta wala jiko, wawe wametumia pamba au kitambaa cha aina nyingine.

Najua kuna watakaosoma haya na kusema kwamba siku ya Idi si siku ya kutundika matambara, na kwamba mgeni akiyaona atadhani nyumba imefilisika. Nimeambiwa maneno hayo usoni, na jirani ninayempenda. Jibu langu ni kwamba tambara ni nguo iliyotupwa ovyo. Nguo iliyofuliwa, ikapigwa pasi, ikapasuliwa kwa kipimo na kupangwa kwa rangi, haina tena jina hilo. Siri kubwa iko katika rangi. Anayechanganya kila alichokikuta atapata fujo, hata kama vitambaa ni vipya. Chagua rangi mbili, tatu zikizidi, na uziheshimu: nyeupe na kijani kwa Maulidi, nyekundu na nyeupe, au manjano na buluu ya bahari kwa Idi. Na leso yenyewe, ambayo hakuna anayeionea haya, jina lake limetoka katika neno la Kireno la kitambaa cha mkono, kwa sababu bibi zetu wa karne ya 19 waliziunganisha leso ndogondogo za biashara wakapata vazi. Wao walishona vipande wakapata nguo, na sisi tunaipasua nguo ikiwa imemaliza umri wake.

Lipo pingamizi jingine ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi, nalo ni la sadaka. Nguo ambayo mtu anaweza kuivaa na kuingia nayo msikitini au shuleni isiguswe na mkasi, ipelekwe kwa anayeihitaji, hasa katika mwezi wa Ramadhani. Kinachopasuliwa ni kile ambacho ungeona haya kumpa mwenzako: fulana iliyooza makwapani, leso iliyoungua, soksi isiyo na ya pili. Katika nyumba yangu mafungu mawili hutengwa mapema, na la sadaka hutoka mlangoni kwanza. Wauza mitumba nao huwa na fungu la nguo zilizopasuka ambalo halinunuliki, na nimekuta wengi wako radhi kuliacha kwa bei ndogo sana jioni wakifunga, wakati mwingine bure.

Kwa hivyo, Mhariri, nina maombi matatu. La kwanza ni kwako. Gazeti lako lina ukurasa wa watoto, na naomba kwamba katika juma la kwanza la Ramadhani uchapishwe mchoro wa lile fundo la kambani, wa mnyororo wa pete na wa ua la marinda, kwa sababu maneno yangu, hata yawe marefu namna gani, hayawezi kufanya kazi ya mchoro mmoja. La pili ni kwa walimu wa madrasa na wa shule za msingi, wa Lamu, Malindi na kwingineko: watenge alasiri moja kabla ya kufunga shule, kila mtoto aje na nguo moja iliyokwisha kazi, mkasi ukae kwa mwalimu, na kamba itakayopatikana itundikwe katika mtaa wa watoto hao, si ndani ya ofisi. La tatu ni kwa msomaji aliyeandika barua ile. Asiyaache mapambo. Akipasua leso moja jioni ya Ramadhani baada ya futari, watoto wake wanne watakuwa wamemaliza mita tatu kabla ya tarawehe.

Mapambo yangu ya mwaka uliopita yamo katika kikapu cha ukili juu ya kabati, yamefuliwa na kuanikwa yakakauka kabisa ili yasishike ukungu, na katikati yake nimetia karafuu kuzuia nondo. Nitayateremsha mwezi utakapoandama. Mnyororo wa fulana umepungua pete chache ambazo wajukuu walizifanya bangili, na nimekwisha kutenga fulana mbili za kujazia.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu